Sukari Isiyo na Foleni

Sukari guru siipendi. Sijaipenda tangu siku ya kwanza nilipoitafuna nikiwa mtoto, na kwa miaka mingi ya ujana wangu nililikana jambo hilo mbele ya watu wenye akili zao. Nilikuwa nikiisifu. Nilikuwa nikiinywea chai hadharani huku natabasamu, kisha narudi chumbani kutafuta sukari ya dukani niliyoificha kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Guru ina ladha ya moshi na majani yaliyoungua, na chini ya kikombe huacha taka kama mchanga wa kisima. Taka zile nilizieleza kwa ufasaha mkubwa. Nilisema ni madini.

Nilisoma chuo kikuu Dar es Salaam katika miaka ya sabini. Nilisoma historia. Nalitaja hili mapema kwa sababu kwetu hakuna aliyelijali. Kwa jamaa zangu, mtu aliyefika chuo kikuu alikuwa ameingia kwenye ghala la maarifa yote, na nilipokuja likizo niliulizwa juu ya mipaka ya mashamba, kuku wanaosinzia, na redio isiyoshika stesheni. Nami, Mungu anisamehe, nilijibu yote.

Kule chuoni tulikuwa kikundi cha vijana walioamini kwamba kila kitu kilichopita kiwandani kimepunjwa. Muwa, tulisema, unaingia kiwandani na mali zake zote na kutoka utamu mtupu. Mmoja wetu alikuwa amesoma katika jarida la ng'ambo kwamba sukari isiyosafishwa ina chuma na chokaa na mengineyo. Hakuna aliyeuliza ni kiasi gani. Jioni moja nilisimama bwenini nikatoa hotuba kwamba guru ndiyo sukari ya mtu huru, inayopikwa na mkulima kwenye karai lake mwenyewe bila mashine ya mkoloni. Nilipigiwa makofi. Sijapigiwa makofi ya namna ile tena maishani, na nadhani ndiyo sababu niliishikilia hotuba ile muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Aliyekuja kuinywa hotuba hiyo kwa kikombe ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyenilea. Aliishi Kagongwa, kwenye nyumba ya bati kando ya barabara, mahali ambapo malori yaliyotoka Isaka yalisimama ili madereva wapate chai. Alikuwa mjane, mtu wa msikitini, na muuza vitumbua. Damu ya watu wa pwani waliofika huku zamani na damu ya Wasukuma wa hapohapo zilikutana ndani yake, na kila upande ulimwachia kitu: mmoja ulimwachia vitumbua, wa pili ulimwachia mabega mapana na sauti ya kuitia ng'ombe. Chai yake ilikuwa tamu kiasi kwamba mgeni asiyeizoea alikohoa. Kwake, kumpa mtu chai isiyo na sukari ya kutosha ilikuwa njia ya kumwambia aondoke.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi moja mjini Shinyanga, nikienda Kagongwa kila nilipopata gari. Safari moja nilimkuta shangazi amekonda shingo, anakunywa maji kama aliyetoka kulima, na kwenye sakafu ya bafu la uani sisimizi wamejipanga msururu. Alikuwa akiwamwagia majivu na kuwatukana. Nilimpeleka hospitali Kahama. Kipimo cha kisukari cha wakati ule kilikuwa rahisi: tabibu aliweka maji ya dawa ya buluu kwenye kichupa chembamba, akatia matone ya mkojo, akachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, huna tatizo. Ikiwa ya kijani, sukari iko kidogo. Ikienda njano, chungwa, mpaka rangi ya tofali, basi sukari imejaa. Ya shangazi ilikwenda moja kwa moja kwenye tofali, kama inayojua njia. Tabibu akampa vidonge, akamwambia aache sukari.

Tulipotoka nje shangazi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Daktari wenu ana vichekesho," alisema. "Ananikataza sukari. Sukari iko wapi? Serikali imeshaniachisha, yeye ananiachisha nini tena?"

Hakuwa anatia chumvi. Miaka ile sukari ilikuwa habari, si kitu. Uvumi ulipita kwamba imefika duka la ushirika, na kabla jua halijachomoza foleni ilikuwa imepangwa, nusu yake watu, nusu yake mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake la kushika nafasi. Jiwe la shangazi lilikuwa na ufa katikati, na watu waliliheshimu kama wanavyomheshimu mwenyewe, yaani kwa woga. Mara nyingi mawe na watu walirudi nyumbani pamoja, mikono mitupu.

Guru haikuwa na shida hiyo. Ilikuja kwa malori kupitia Mwanza, mabonge ya kahawia yaliyofungwa kwa majani makavu ya migomba, na madereva walimletea shangazi mpaka mlangoni. Haikuwa na kibali wala mgawo. Hapo ndipo palipozaliwa kosa ambalo sidhani kama lingeweza kuzaliwa mahali pengine wala wakati mwingine. Katika akili ya shangazi, na ya mtaa mzima, sukari ilikuwa ni ile inayopangiwa foleni. Kitu kinachopatikana bila foleni kingewezaje kuwa sukari?

Hata hivyo aliniuliza. Hilo nampa haki yake. Jioni ileile, akiwa ameshika bonge la guru mkononi na kisu mkono wa pili, alinitazama.

"Wewe uliyesoma. Na hii nayo imo?"

Nilipaswa kusema sijui. Neno hilo sikufundishwa chuoni.

"Hiyo ni ya asili, shangazi," nikasema. "Haijachanganywa na kitu. Ina madini. Kinachodhuru ni hii ya kiwandani."

Akakata kipande, akakitumbukiza kwenye kikombe. "Nilijua," alisema. "Kitu cha shambani hakiwezi kumdhuru mtu wa shambani."

Kuanzia siku hiyo alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote wa wilaya ile. Ilipofika sukari dukani, jiwe lake hakulipeleka. Majirani walishangaa. Mgeni alipomletea sukari ya magendo kutoka machimboni upande wa Geita, ambako wenye dhahabu hawakukosa kitu, aliikataa kwa maringo: "Mimi sukari nimekatazwa na daktari." Kisha akaketi kunywa chai yenye vipande vya guru ambavyo sikuthubutu kuvihesabu. Kwa kuwa ilikuwa dawa, au jamaa ya dawa, aliiongeza. Vitumbua navyo akavihamishia kwenye guru. Aliiyeyusha kwenye sufuria kubwa uani, ikichemka na kutoa povu na harufu inayofika barabarani.

Harufu hiyo ndiyo iliyomleta balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mzee mpole wa Kisukuma, mwembamba, anayeingia uani kwa watu kama anayeomba radhi kwa kuwa na miguu. Siku hiyo nilikuwepo. Alisalimia, akaulizia hali ya nyumba, akaulizia hali ya mvua, kisha akasimama karibu na sufuria akanusa.

"Mayo," alisema, ndivyo alivyomwita shangazi, mama, kwa heshima ya Kisukuma. "Watu wanasema guru inaingia hapa kwa wingi."

"Watu hawana kazi."

"Yaya, hapana, siwasemi vibaya. Ila Mayo, wewe unajua guru nyingi huwa inakwenda kufanya nini."

Kila mtu alijua. Guru nyingi iliyopita njia ile ilikwenda kupika gongo. Shangazi alichukua muda kuelewa anachoambiwa, na alipoelewa alisimama wima, mwiko mkononi, guru ikidondoka kwenye khanga.

"Mimi? Mimi ninayeamka alfajiri kuliko mwadhini? Mimi nipike gongo?"

"Ndiyo maana nimekuja peke yangu, Mayo. Mgambo sijawaambia."

"Waambie! Walete wote, na majirani waje na vikombe! Onja hapa." Akamsogezea mwiko. "Onja, nimekwambia."

Balozi akaonja. Akafikiri. Akaonja tena, mara hii bila kuambiwa.

"Umesikia pombe?"

"Nimesikia utamu tu."

"Basi hiyo ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya ugonjwa wa sukari."

Balozi akautazama mwiko, akamtazama shangazi. "Dawa ya ugonjwa wa sukari," alisema polepole, "ni tamu hivi?"

"Muulize huyu hapa. Ndiye aliyesoma."

Nami nilikuwa nimejaza mdomo kitumbua. Nilimeza haraka, nikatoa hotuba yangu ya bwenini, muwa na karai na chuma na chokaa, ila sehemu ya mkoloni niliifupisha. Balozi alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Alipoondoka alikuwa ameshawishika na amebeba bonge moja kwa ajili ya mkewe, ambaye hakuwa anaumwa chochote. Mkutano ule niliuhesabu kuwa ushindi.

Siku hizi, nikiingia madukani mjini, naona pakiti nzuri za sukari ya kilimo hai, zimechorwa jani la kijani, na bei yake inamfanya mtu asimame kidogo. Nawaona vijana waliosoma kunizidi wakizigeuza nyuma na mbele kwa uso uleule niliokuwa nao mimi. Sina ugomvi nao. Shamba lisilopigwa sumu ni jambo jema kwa mkulima, kwa ardhi na kwa maji ya kisima, na hilo lingetosha kuuza pakiti. Lakini wao, kama mimi, hawanunui shamba. Wananunua ruhusa ya kutia kijiko cha pili.

Baada ya miezi michache nililetewa habari na dereva mmoja kwamba shangazi ana kidonda. Nilikwenda. Alikuwa amejikwaa kwenye figa, akaumia kidole kikubwa cha mguu, jambo ambalo kwa mtu anayepika chini kila siku si la kuitia mtu. Ila kidole hakikufunga. Kilikuwa kimevimba, cheusi pembeni, na alikuwa amekifunga kitambaa na kukifichia ndani ya kiatu cha mpira cha marehemu mumewe. Alitembea kwa kisigino. Vitumbua aliuza vilevile.

Hospitali tulimkuta tabibu yuleyule, kijana mwenye koti jeupe lililomzidi mabega. Alikifungua kidole, akachukua kichupa chake.

"Mama, sukari uliacha?"

"Niliacha."

"Kabisa?"

"Hata sura yake nimeisahau."

Maji ya buluu yakachemka. Kijani, njano, chungwa. Tofali.

"Mama, hii rangi haisemi hivyo."

"Basi hiyo rangi yako ni mwongo. Waulize Kagongwa nzima. Nimepelekewa sukari mlangoni nikairudisha!"

"Chai unakunywa na nini?"

"Na guru."

Tabibu alifuta mikono taratibu. Halafu akanigeukia mimi, si shangazi, kwa ile heshima watu wanayompa mtu anayevaa miwani. "Lakini guru haina ubaya sana, au siyo? Nasikia ni ya asili. Nasikia kuna msomi mmoja kule Kagongwa anawaeleza watu."

Sijawahi kupata aibu kama ile. Ilikuwa kama kukutana barabarani na uvumi wako mwenyewe, umekua, umepata kazi hospitalini. Shangazi alinitazama kwa fahari. Mimi nilikitazama kidole.

"Kikiendelea hivi kitafanywaje?" nikauliza.

"Sukari isiposhuka hakitapona," alisema. "Tutampeleka hospitali ya mkoa wakikate. Na wakishaanza kukata, hakuna anayekuahidi wataishia wapi."

Alilisema bila kuinua sauti, kama anayetoa ratiba ya treni. Shangazi alivaa kiatu chake cha mpira. Njiani, mbele ya lori, tukiwa tumebanana na dereva, alikishika kiatu kile kwa mikono miwili. Biashara yake yote ilikuwa ya kusimama: kusimama kwenye moto, kusimama barabarani na sinia. Sikuhitaji kuelezwa anachofikiri.

Tulipoingia uani nikamwambia aache na guru pia, tuone.

"Tuone?" alisema. "Tuone nini?"

"Tuone kama itashuka."

"Kwani hujui?"

Nikasema sijui. Nikasema nilisoma historia.

Nilidhani atapiga kelele. Aliketi kwenye kigoda, akanyoosha mguu ule mbaya mbele yake, akautazama kama mali ya mtu mwingine aliyeachiwa aitunze.

"Miezi yote hii nakunywa maneno yako," alisema. "Nilidhani umeyapima."

"Nimekosa, shangazi."

"Umekosa, ndiyo. Na mguu ni wangu." Kisha akaongeza, "Haya. Nitaacha. Lakini na wewe utaacha, huko huko Shinyanga, guru na ya dukani na ile unayoificha kwenye mkebe. Unafikiri sijui? Mimi ndiye ninayefagia chumba chako cha hapa."

Tukakubaliana hivyo. Ugali wake aliendelea nao kama kawaida, na vidonge vilevile asubuhi na jioni. Alichoondoa ni guru peke yake, kwenye chai na kwenye vitumbua alivyoonja. Kwa madereva aliendelea kutia, maana hakuona kwa nini watu wazima wenye miguu yao waadhibiwe. Mimi nilikunywa chai kavu ofisini. Siku ya kwanza mwenzangu aliniuliza nimefiwa na nani. Chai isiyo na utamu, niligundua, ina ladha yake, na ladha hiyo ni ya majani na chombo ilimochemshiwa. Kupitia madereva nilipata salamu za shangazi, na kila salamu ilikuwa tusi jipya juu ya chai. Maji ya kuoshea mikono. Maji ya kuoshea maiti. Salamu ya tatu haikuwa na tusi, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nilimuuliza dereva mguu unaendeleaje. Akasema hakuangalia mguu, alinunua vitumbua.

Ofisi yetu ilikuwa na simu moja, mezani kwa mkubwa. Asubuhi moja aliniita kwa kidole. "Kahama," alisema, akanipa mkono wa simu kwa umbali, kama kitu cha moto. Hakutoka. Nilisimama mbele ya meza yake.

"Haloo!" Sauti ya shangazi haikuhitaji waya. Mkubwa aliegemea nyuma. "Nani hapo?"

"Ni mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Niko posta. Nimetoka kupima."

"Enhe?"

"Kijani."

"Kijani cha namna gani?"

"Cha jani changa la mhogo. Nikamwambia achemshe mkojo mwingine. Akachemsha. Kijani. Nikamwambia labda dawa yako imekwisha nguvu, akachukua mkojo wa mgonjwa mwingine, wa mwenzangu maskini, akachemsha mbele yangu. Tofali tupu! Kwa hiyo dawa ni nzima."

"Na kidole?"

"Kinafunga. Nyama imekuwa nyekundu. Amesema hakikatwi."

Nilivuta kiti cha wageni nikakaa bila kuomba ruhusa. Mkubwa alijifanya anasoma faili.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, shangazi. Namshukuru Mungu."

"Kwa hiyo guru ni sukari."

"Ni sukari, shangazi. Ni sukari kama ile nyingine."

Nyuma yake nilisikia posta ya Kahama, mihuri na watu wanaokohoa, wote bila shaka wakisikiliza.

"Na asali je?" akauliza. "Watu wa Ushirombo wameniletea debe la asali ya msituni. Nzuri, nyeusi. Wewe unasemaje?"

Nilifungua mdomo, na niliisikia hotuba ikipanda yenyewe, nyuki na maua na msitu. Nikaufunga.

"Nadhani nayo imo," nikasema. "Lakini sina hakika. Usiionje mpaka umeuliza hospitali."

"Nimeshauliza," alisema shangazi. "Nayo imo. Nilitaka kusikia utasema nini."